Vayoleti ya Afrika: mbegu za Tanga, majina ya mabaharia

Katika maduka ya maua ya Amsterdam, Tokyo na Chicago, mmea huu huuzwa kama ua la dirishani: majani ya mviringo yenye manyoya laini, yamejipanga kuzunguka shina fupi, na katikati shada la maua madogo yanayochanua karibu mwaka mzima. Waingereza na Wamarekani waliuita vayoleti ya Afrika, ingawa hauna undugu na vayoleti za Ulaya. Wajerumani walikaribia zaidi, maana wao huuita vayoleti ya Usambara. Kwa kuwa aina zake zenye majina ni maelfu mengi, mtu hudhani mababu zake walikusanywa kila pembe ya bara. Sivyo. Karibu nasaba yote ya aina za bustani inarudi kwenye mbegu chache zilizotoka Tanga. Na kwa miaka mingi kazi kubwa ya wazalishaji haikuwa kuchanganya spishi, bali kuona badiliko dogo kwenye mmea mmoja kati ya maelfu na kulishika lisipotee.

Sir John Kirk, konseli wa Uingereza kule Zanzibar, aliuchuma mwaka 1884. Mwaka 1887 akafuata William Ernest Taylor, mmisionari wa Mombasa ambaye wasomi wa Kiswahili wanamkumbuka zaidi kwa kukusanya mashairi ya kale ya mji huo. Wote wawili walipeleka Uingereza mimea iliyokaushwa. Vielelezo havikutosha kuutambulisha, hivyo haukupata jina, na mmea mkavu hauoti.

Aliyebadilisha mambo ni Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za utawala wa Wajerumani. Naye alikuwa mtu wa Kiswahili. Mwaka 1890 alikuwa ameshachapisha kitabu cha kuwafundisha Wajerumani lugha hii. Mwaka 1892 alimpelekea baba yake mbegu huko Silesia, jimbo la Ujerumani ya wakati huo, na baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen, Hannover. Wendland aliziotesha, zikachanua, na mwaka 1893 akauandikia mmea maelezo rasmi: Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wa Saint Paul, na ionantha, yaani wenye maua yanayofanana na vayoleti. Mwaka huohuo mmea ulioneshwa Ghent, Ubelgiji, ukawavutia sana wataalamu wa mimea. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt ikachukua jukumu la kuusambaza.

Saint Paul alieleza kwamba aliukuta mahali pawili. Pa kwanza ni mwendo wa kama saa moja kutoka Tanga mjini, kwenye nyufa za miamba ya chokaa, mita 15 hadi 45 tu juu ya usawa wa bahari. Pa pili ni ndani ya msitu wa Usambara, juu ya miamba ya granaiti, kwenye mita 760 hivi. Anayeelewa sehemu hizi mbili ameelewa namna ya kuutunza mmea huu. Kote kuwili kuna kivuli, hewa yenye unyevu, udongo kidogo uliojikusanya ufa kwa ufa, na maji yanayopita bila kutuama. Ndiyo maana mizizi yake ni mifupi na myembamba, na ndiyo maana chungu kikubwa huuua. Kipimo kinachofaa ni theluthi moja ya upana wa majani: mmea wenye upana wa sentimita 30 unataka chungu cha sentimita 10, si zaidi. Ukiuweka kwenye chungu cha sentimita 20, udongo ambao mizizi haijaufikia unabaki na maji, ukungu unaingia kwenye shina, na siku moja majani yote yanalala ilhali udongo umelowa. Wengi wakiona hivyo huongeza maji, na hapo ndipo mmea unapokufa.

Baadaye ilibainika kwamba mbegu za mwanzo hazikuwa za spishi moja. Pamoja na ionantha kulikuwa na mmea mwingine ambao kwa miongo kadhaa ulibandikwa majina yasiyo yake, mpaka mtaalamu wa mimea B. L. Burtt wa Edinburgh alipouita Saintpaulia confusa, jina linalotangaza mkanganyiko wenyewe. Kwa mzalishaji hili si jambo dogo. Mimea miwili tofauti ilikaa bega kwa bega katika vitalu vya Ulaya tangu siku za kwanza, ikapandishana, na kile kilichouzwa kama ionantha halisi kikawa tayari ni mchanganyiko. Rangi zilikuwa bado za ukoo mmoja, buluu na zambarau, nzito au nyepesi. Hapakuwa na waridi, wala nyeupe, wala petali za ziada.

Mwaka 1926 kitalu cha Armacost & Royston cha Los Angeles kiliagiza mbegu kutoka kwa Benary na kutoka Suttons ya Uingereza. Miche ilikuwa kama 1,000. Wakachagua 100, kisha katika hizo wakabakiza 10, na hizo 10 ndizo zilizopewa majina na kuingizwa sokoni: 'Admiral', 'Amethyst', 'Blue Boy', 'Commodore', 'Mermaid', 'Neptune', 'Norseman', 'Sailor Boy', 'Viking' na moja iliyobaki na namba tu, '32'. Tazama majina hayo: makamanda wa majini, mabaharia, mungu wa bahari, nguva. Rangi ya buluu iliwapeleka baharini moja kwa moja. Hakuna hata moja lililoitwa Tanga, wala Sigi au Amani za huko Usambara. Naliona hilo kuwa hasara ya kweli, kwa sababu jina ndilo kumbukumbu pekee inayosafiri pamoja na mmea, na kumbukumbu hiyo ilikatwa pale pale mwanzoni.

Kati ya zile 10, 'Blue Boy' ndiyo iliyozaa historia. Sababu si uzuri wake peke yake, bali ni kwamba ilizalishwa kwa majani kwa wingi usio na kifani, na vayoleti ya Afrika inapozalishwa kwa jani, kila kichanga, yaani mmea mdogo unaochipua kwenye jani, huanzia kwenye seli moja au chache za ngozi ya kikonyo. Jeni ikibadilika ndani ya seli hiyo, mmea mzima unaotokea unalibeba badiliko hilo tangu mzizi hadi ua. Kwenye mimea mingi ya bustani badiliko la namna hii hujitokeza kwenye tawi moja tu na mtunza bustani hulikata akidhani ni ugonjwa. Hapa linakuja likiwa mmea kamili. Zalisha majani laki kadhaa, na mabadiliko yatakuja yenyewe; kinachobaki ni jicho.

Ndivyo ilivyotokea. Mwaka 1939 ikaonekana 'Double Blue Boy', yenye petali nyingi badala ya tano. Mwaka 1940 ikaja 'Pink Beauty', ya waridi, na katika miaka hiyohiyo 'White Lady', nyeupe. Mwaka 1941 ikatokea 'Blue Girl', ambayo ua lake lilikuwa lilelile la buluu lakini jani limegeuka: ukingo wenye mawimbi, na doa jeupe mahali kikonyo kinapokutana na jani. Tangu hapo wakuzaji wote hulitaja jani la namna hiyo kama jani la kike, na lile la kawaida kama jani la kiume. Msomaji mgeni asidanganyike. Halihusiani kabisa na jinsia; kila ua la vayoleti ya Afrika lina sehemu za kiume na za kike pamoja. Ni ukumbusho wa majina ya aina mbili tu.

Kuzalisha kwa jani si kugumu, ila kuna mahali pa kukosea. Chagua jani la safu ya kati, lililokomaa lakini bado zito. La chini kabisa limechoka na la kileleni bado changa. Kata kikonyo kwa wembe safi kwa mshazari wa nyuzi 45, ubakize sentimita 2.5 hadi 4. Kikonyo kirefu kupita hapo hutoa mizizi, lakini vichanga hukawia. Kichomeke sentimita 1 hadi 1.5 kwenye mchanganyiko mwepesi: vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa chumvi, na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za madini) au mchanga mkavu wa mto, nusu kwa nusu. Vumbi la makumbi lisilooshwa ndilo kosa la kawaida pwani. Chumvi yake huunguza kikonyo kabla ya mizizi. Lifunike kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, mbali na jua la moja kwa moja. Mizizi huja baada ya wiki 3 hadi 4, vichanga baada ya wiki 6 hadi 10. Vitenganishe vikifikia sentimita 3 hadi 5, kila kimoja na chungu chake, maana vikiachwa pamoja huwa kichaka cha majani kisichochanua vizuri. Ua la kwanza hutokea miezi 6 hadi 9 tangu siku ya kukata.

Lakini kwa jani unapata kilekile ulichonacho, isipokuwa bahati ya badiliko. Anayetaka kuchanganya sifa mbili sharti achavushe. Ua lina chavulio mbili za njano zilizoungana, na chavua, yaani unga wa kiume, imefungiwa ndani. Porini nyuki huzitikisa kwa mtetemo wa misuli ya kifua ndipo itoke. Kijiti cha kike hakikai katikati bali huinamia kushoto au kulia, na kwenye mmea mmoja utakuta maua ya pande zote mbili. Ndani ya nyumba nyuki hao hawapo, na mmea ukiachwa peke yake hautoi mbegu kwa kawaida. Basi fanya hivi: chagua ua la mama lililofunguka siku 3 hadi 5, liondolee chavulio zake kwa mkasi mdogo kabla hazijapasuka. Chukua chavulio ya baba, ipasue kwa pini juu ya karatasi nyeusi uone chavua ya njano imemwagika, kisha gusisha ncha ya kijiti cha mama. Ncha ikiwa tayari inang'aa kidogo na kunata. Ikiwa kavu, ngoja siku moja au mbili.

Petali hudondoka, na baada ya siku kama 10 utaona kifuko kikivimba chini. Kisipovimba, uchavushaji haukufaulu. Mara nyingi sababu ni joto la kupita nyuzi 30, kwa hiyo wa Dar es Salaam au Mombasa afanye kazi hii miezi ya baridi, Juni hadi Agosti. Kifuko huchukua miezi 4 hadi 6 kukomaa. Usikichume kikiwa kijani hata kama ni kikubwa. Ngoja kinyauke na kugeuka kahawia, kisha kikauke ndani ya bahasha wiki 2 hadi 4 zaidi. Mbegu ni ndogo mno, pumzi tu huzipeperusha, na kifuko kimoja huwa na mamia. Zinyunyize juu ya mboji laini iliyolowa na usizifukie, kwa kuwa zinahitaji mwanga ili ziote. Kwenye nyuzi 21 hadi 24 zitaota kwa wiki 2 hadi 3.

Kuhusu nini kitarithiwa, mambo machache yanajulikana vizuri na yanatosha kumwongoza anayeanza. Buluu huifunika waridi: ukipandisha buluu safi na waridi, watoto wote ni buluu. Pandisha watoto hao wao kwa wao, na karibu robo ya wajukuu watakuwa waridi. Wengi hukata tamaa kizazi cha kwanza, wakatupa miche yote, kumbe waridi ilikuwa imejificha ndani yake. Petali nyingi huzishinda petali tano, na jani la kike hulishinda la kiume. Ua lenye petali nyingi ni rahisi kulitumia likiwa baba, maana kijiti chake cha kike hufichwa na petali za ziada. Usibakize miche 4 au 5 na kutegemea robo. Weka angalau 40.

Majani yenye mabaka meupe yana kanuni nyingine kabisa. Aina maarufu ya kundi hili, 'Tommie Lou', ilitokea mwaka 1959 kama badiliko la 'White Pride'. Mabaka hayo hurithiwa upande wa mama tu. Ukiichukua kama baba, hutapata hata mche mmoja wenye mabaka, hata ungeotesha 1,000. Na jambo la kujua kwa mkuzaji wa nchi zetu za joto: mabaka ya aina hii hufifia hewa ikiwa na joto na mbolea ikiwa na naitrojeni nyingi. Anayenunua mmea mweupeweupe kutoka Lushoto au Limuru na kuupeleka pwani ataona majani mapya yakitoka kijani, na atadhani ameuziwa aina isiyo yenyewe. Ni yenyewe. Punguza naitrojeni na tafuta kona ya baridi.

Zipo pia zile zenye mistari inayotoka katikati ya ua hadi ncha ya kila petali. Hizi ni kimera: tabaka la nje la seli lina jeni za rangi moja na tabaka la ndani jeni za rangi nyingine. Sasa rudi kwenye lile la kichanga kuanzia kwenye seli chache za ngozi ya kikonyo. Kichanga kinarithi tabaka moja tu, kwa hiyo ukizalisha kimera kwa jani, mistari inapotea na unabaki na ua la rangi moja. Njia ni kukata kilele cha mmea, kuuacha kisiki kitoe machipukizi ya pembeni, na kuyachomoa yakiwa na majani 4 hadi 6. Ndiyo maana kimera ni ghali, na ndiyo maana anayekuuzia jani la kimera lenye jina lake anakuuzia kitu kingine.

Tatizo moja lilibaki sokoni: maua ya petali tano yalidondoka baada ya siku chache, na safarini ndani ya maboksi yalifika yamemwagika. Hermann Holtkamp wa Ujerumani alichagua kwa subira mimea ambayo maua yake hukauka yakiwa bado yameshika kikonyo, na miaka ya 1960 akatoa kundi la Rhapsodie. Kwangu hii ni kazi kubwa kuliko rangi yoyote, kwa sababu ndiyo iliyoutoa mmea huu kwa wapenzi wachache na kuupeleka madukani. Familia hiyo ilifungua kitalu Nashville, Marekani, mwaka 1977, na mimea yao inajulikana kwa jina la Optimara. Rangi ya njano ilikuja mwisho kabisa, mwishoni mwa miaka ya 1980, kupitia kwa Nolan Blansit wa Missouri, na mpaka leo ni njano ya maziwa zaidi kuliko ya limau.

Wingi wa aina ulileta vurugu ya majina. Mwaka 1946 wakuzaji walikutana Atlanta kwa maonesho, na hapo kikazaliwa chama chao, African Violet Society of America, ambayo ndiyo inayotunza daftari la kimataifa la majina ya aina hizi. Kanuni ni chache na nzuri. Jina huandikwa ndani ya alama moja moja za kunukuu. Halitafsiriwi: 'Blue Boy' ni 'Blue Boy' popote. Jina likishasajiliwa halipewi mmea mwingine. Tangu tarehe 1 Januari 1959 jina jipya la aina ya bustani haliruhusiwi kuwa la Kilatini, ili lisichanganywe na la spishi. Na kabla ya kusajili, mmea uwe umezalishwa vizazi kadhaa mfululizo bila kubadilika, sharti linalochuja mabahatisho mengi. Wazalishaji wengi sasa huanza na alama yao: 'Rob's' kwa Ralph Robinson, 'Ness'' kwa Don Ness, 'LE-' kwa Elena Lebetskaya wa Ukraine. Naupenda utaratibu huu, kwa kuwa ukiona alama unajua pa kuuliza.

Majina ya kisayansi nayo yalihama. Mwaka 2006 mtaalamu wa mimea Iain Darbyshire aliipitia jenasi nzima ya Saintpaulia, akabakiza spishi 6, na nyingi za zamani akazishusha kuwa nususpishi za ionantha. Mwaka 2015 uchunguzi wa jeni ulionesha kwamba Saintpaulia imeota katikati ya ukoo wa Streptocarpus, hivyo jenasi ikafutwa na mmea wetu kuwa Streptocarpus ionanthus. Saintpaulia limebaki jina la kundi ndani ya jenasi hiyo, na jina la kawaida vinywani mwa wakuzaji.

Hata hivyo majina ya zamani ya porini yana faida moja ambayo majina ya mabaharia hayana: yanataja mahali. Shumensis ni ya Shume, magungensis ya Magunga, tongwensis ya mlima Tongwe, teitensis ya Taita, mafiensis ya kisiwa cha Mafia. Tabia zao zinatofautiana zaidi kuliko za aina za dukani. Grotei hutambaa kwa shina refu, na damu yake imo ndani ya aina za kutambaa za leo. Shumensis ina majani madogo mno. Rupicola ya Kilifi huishi kwenye miamba ya pwani, na kwa maoni yangu ndiko mzalishaji wa Mombasa au Tanga angeanzia akitaka mmea unaovumilia joto, badala ya kuhangaika na aina zilizochaguliwa katika nyumba za vioo za Ujerumani. Asiing'oe porini, mahali inapoota ni pachache na msitu unapungua. Jani moja kutoka bustani ya utafiti au mkuzaji mwenye mimea halali linatosha kuanzia.

Kwenye kila chungu weka lebo siku ileile ya kuchavusha, kwa penseli, maana wino huoshwa na maji: mama kwanza, alama ya kuzidisha, kisha baba, na tarehe. Mche ukipoteza lebo, usiutafutie jina kwa kulinganisha na picha. Aina za buluu zenye petali tano ni mamia, na hazitofautishiki kwa macho. Andika "haina jina", uendelee kuufurahia, na usiutumie kama mzazi kwenye daftari lako.